Ngozi ya Bi Sikudhani

Vitalu viwili vilikufa Jumanne, na kiwanda cha nta kikashika moto Jumamosi. Laiti mambo yangekuja kwa mpangilio mwingine, moto kwanza na hasara baadaye, Mwamvita binti Kapalata angekuwa na la kujitetea mbele ya watu. Hakuna aliyemwuliza anapenda yaje vipi. Hasara ilitangulia haja kwa siku nne, na haja ilipofika, jengo la wakfu pale mtaa wa Isevya, Tabora, lilikuwa na kitalu kimoja tu cha ngozi, kile cha zamani, kilichoanzia kwenye kipande cha paja la mama yake.

Jumapili asubuhi Yasini, fundi wa kitalu, alikuwa amepiga magoti mbele ya kioo na tochi yake, anapima. Kitalu kilikuwa tangi lenye kimo cha mtu, limejaa maji ya uvuguvugu yenye rangi ya chai nyepesi. Chini kabisa, juu ya tandiko la nyuzi, zililala chembe mama. Juu yazo ngozi iliota tabaka kwa tabaka, laini, ya maji ya kunde, kama alivyokuwa Bi Sikudhani mwenyewe enzi za uhai wake. Kwenye kioo palikuwa na mstari mwekundu. Kilichoota juu ya mstari kilivunwa kila baada ya siku arobaini na kupelekwa hospitali bila malipo. Kilichokuwa chini ya mstari ndiyo asili ya wakfu, na asili haiguswi.

“Mia na ishirini,” Yasini alisema bila kugeuka. “Nikikwangua sana, mia na ishirini na mbili.”

Alikuwa anahesabu viganja. Madaktari wa majeraha ya moto hupima hivyo: kiganja cha mgonjwa mwenyewe ni sehemu moja kati ya mia ya mwili wake, kwa hiyo aliyeungua viganja hamsini ameungua nusu ya mwili.

“Hospitali wanataka ngapi?”

“Mia mbili na sabini. Watu tisa. Sita ni wa viganja ishirini ishirini, hao tunawamudu. Watatu waliobaki ni hamsini hamsini.” Akazima tochi. “Nta ikimshika mtu haimwachii, mama. Lakini vingekuwepo vile viwili…”

Akajing’ata ulimi.

“Malizia tu,” Mwamvita alimwambia.

“Tungewafunika wote tisa na akiba ikabaki.”

Hesabu hiyo Mwamvita alikwisha kuipiga kichwani tangu simu ya kwanza ya hospitali. Alivuta kiti akakaa kukitazama kioo. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na kwa miaka kumi na tisa hakupitisha asubuhi bila kusimama hapa na kusema “Shikamoo mama” kwa sauti ya chini, akihakikisha kwanza kwamba Yasini hayupo karibu. Yasini alijua. Alikuwa akichelewa makusudi dakika tano kila siku ili amwachie nafasi.

Bi Sikudhani alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi zote kubwa za Tabora zilipita kwenye masufuria yake, na matanga pia. Siku mafuta ya moto yalipommwagikia pajani, akiwa na miaka sitini na moja, hospitali walichukua kipande cha ngozi yake wakapime, wakarudi mbio na maswali. Ngozi ile haikukataliwa na mwili wowote. Ukimbandika mtu nayo, mwili wake unaipokea kana kwamba amezaliwa nayo. Watu wa namna hiyo wanahesabika kwa vidole. Zikaja kampuni na mabegi ya karatasi, wakamtajia bei zilizomfanya acheke hadi akashika mbavu. Kisha akajifunga kanga, akaenda kwa kadhi, akaiweka wakfu. Hati yake ilitundikwa ukutani: ngozi yangu ni ya kila aliyeungua, Mwislamu na asiye Mwislamu, mwenye nacho na asiye nacho; asili yake isiuzwe, isitolewe zawadi, isirithiwe; kinachoota ndicho kitolewe; msimamizi ni binti yangu Mwamvita. Mwaka uliofuata akafa kwa presha, na ngozi yake ikaendelea kuota.

Ndiyo maana sokoni Mwamvita alikuwa akimwona mama yake. Shingo ya muuza nyama, mguu wa binti wa jirani, shavu la dereva mmoja wa malori: viraka vya maji ya kunde juu ya watu weusi na weupe, vikitembea mjini. Hakuwahi kuwaambia kitu. Alikuwa akiwapa salamu ndefu kuliko kawaida, basi.

*

Kosa la vile vitalu viwili lilikuwa lake, na tusimzungushie maneno.

Wakfu ulikuwa na mali isiyouzwa na kazi isiyolipwa. Dawa za maji, umeme, mishahara, vyote vilitegemea sadaka, na sadaka hukauka mwezi wa Ramadhani ukipita. Vitalu vilipofika vitatu, Mwamvita alifanya alichofundishwa na kila kitabu cha usimamizi wa wakfu: mali isikae tu, izalishe, na isiwekwe sehemu moja. Akaingia ushirika wa mudaraba na Bwana Faraji, mtu wa Singida aliyejaribia dawa za kupaka kwenye ngozi hai badala ya kutesa wanyama. Wakfu utoe vitalu viwili, Faraji atoe kazi, faida wagawane sita kwa nne. Hasara ikitokea bila uzembe wa mfanyakazi, anaibeba mwenye mali. Hayo ndiyo masharti ya mudaraba tangu zama na zama, na Mwamvita aliyajua kama anavyoijua Fatiha.

Alisafiri kwenda kukagua. Nyumba ya kwanza ilikuwa Singida mjini, ya pili Manyoni. Alikuta sakafu zinang’aa, wafanyakazi wanasimama kuswali kwa wakati, na Faraji mwenyewe akitokwa na machozi alipoelezwa habari za Bi Sikudhani. Aliwauliza majirani zake, aliwauliza maimamu wawili, wote wakamsifu kwa amana. Akarudi Tabora ametulia, akaandika: nyumba mbili, miji miwili, mshirika mwaminifu.

Na Faraji alikuwa mwaminifu kweli. Miaka mitatu faida ilikuja kwa tarehe, mishahara ikalipwa, wakaanza kuzungumzia kitalu cha nne. Kumbe zile nyumba mbili zilikuwa zinalindwa na kituo kimoja cha betri. Jumanne ile tufani iliangusha nguzo, kituo kikazimika, na miji miwili ikawa mji mmoja. Baada ya saa sita maji yalikuwa yamepoa na kila kitu kimekufa. Faraji alipiga simu akilia kama mtoto. Mwamvita alikuwa amewakagua watu. Waya hakuukagua.

*

Ukutani, mkabala na hati ya Bi Sikudhani, ndiko kilikokaa Kikokotoo, mashine ya makadirio yenye sauti. Sheria ililazimisha kila wakfu uwe nacho. Wanaonufaika leo wanaweza kuja mlangoni kugonga, lakini watakaonufaika kesho hawana miguu bado, na kazi ya Kikokotoo ilikuwa kuwasemea hao. Sauti yake waliipa upole wa yule mama anayesoma matangazo ya vifo redioni. Mwamvita hakuipenda tangu siku ya kwanza.

“Nikikata viganja mia na hamsini chini ya mstari,” alikiuliza.

“Uwezekano wa kitalu kupona ni tatu kati ya kumi,” Kikokotoo kilijibu. “Kikipona, kitarudi kwenye mstari baada ya miezi kumi na minane. Kisipopona, watu elfu moja mia moja na arobaini watakaoungua katika miaka hamsini ijayo hawatapata ngozi hii.”

“Na nisipokata?”

“Asili itakuwa salama. Kwa kila mmoja wa wagonjwa watatu, uwezekano wa kuishi ni moja kati ya ishirini.”

Yasini alikuwa amesimama mlangoni. “Hatuwezi kuzigandisha chembe chache kwanza? Ziwe akiba?”

“Walijaribu mara nne mama akiwa hai,” Mwamvita alimjibu. “Ikipigwa na barafu inakuwa ngozi kama ngozi nyingine, miili inaikataa.”

“Na zile za kutengenezwa Dar?”

“Wiki tatu hadi zifike, na bei ya nyumba kila mtu. Daktari ametupa siku nane.” Akakigeukia tena Kikokotoo, kama mtu anayerudi dukani kuuliza bei ileile. “Hao elfu moja mia moja na arobaini. Una hakika nao?”

“Hakuna hakika, kuna makadirio. Makadirio haya yamezingatia idadi ya vitalu, yaani kimoja, na mahali pake, yaani pamoja tu.”

Hakikukusudia kumchoma. Kilisema kilichopo. Mwamvita alitoka nje akakaa kwenye baraza.

*

Siku ya tatu Athumani alikuja getini. Alikuwa fundi baiskeli, mtu wa miaka kama arobaini, shati limefungwa vifungo vya kupishana. Mkewe, Siwema, alikuwa mmoja wa wale watatu. Wawili wengine walikuwa mzee mmoja wa mitambo na msichana aliyekuwa mafunzoni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Pole sana. Karibu ukae.”

“Sikai. Nimemwacha peke yake.” Alishika nondo za geti. “Sikuja kukulaumu, mama. Watu wanasema mengi huko nje, mimi siyasemi.”

“Wanasema nini?”

Athumani alitazama chini. “Wanasema humo ndani ni mama yako. Kwamba ungekuwa wakfu mtupu ungeshakata, lakini mtu hawezi kumkata mama yake.”

“Ni ngozi yake tu, baba. Mama yangu yuko kaburini.”

“Basi.” Alilitamka neno hilo polepole sana. “Wako yuko kaburini miaka kumi na tisa. Wangu amelala kitandani ananiita, anataka maji, na maji hawaniruhusu kumpa. Mimi si msomi. Nieleze nimwambie nini, nitakwenda nimwambie hivyohivyo.”

Mwamvita alifungua kinywa. Alitaka kumweleza habari za asili na mazao, za watu elfu moja na zaidi ambao bado hawajaungua, baadhi yao hawajazaliwa. Maneno yote yalikuwepo, aliyafundisha kwenye semina. Hakuna hata moja lililokubali kutoka mbele ya shati lile lililofungwa vibaya.

“Mwambie tunahangaika,” alisema mwishowe.

Athumani aliitikia kwa kichwa, akashukuru, akaenda. Kushukuru kwake ndiko kulikomuumiza Mwamvita kuliko yote.

*

Sheikh Kiyungi, kadhi, alimpokea ofisini kwake saa nne asubuhi, feni zikizunguka na kahawa mezani. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye tabia ya kuwatania wajane na mahakimu kwa kiasi sawa. Siku hiyo hakutania. Alisoma ombi lake mara mbili.

“Ruhusa unayo,” alisema. “Asili ya wakfu haitumiwi, hilo ndilo la msingi. Lakini mtu anapokufa mbele yako na mkononi una cha kumwokoa, wanazuoni wamesema mengi, na mimi nitasimama na walioruhusu. Ukikata sitakuhukumu. Usipokata, vilevile sitakuhukumu.”

“Shehe, nilikuja unihukumu. Ningepata nafuu.”

“Najua. Ndiyo maana sikupi.” Alisukuma kikombe chake kando. “Nikuulize. Tuseme kitalu ni cha Bi fulani wa Urambo, humjui, hukumnyonya. Ungefanyaje?”

Mwamvita alikigeuza kikombe chake cha kahawa mezani.

“Nisingekata.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu hesabu iko wazi. Tatu kati ya kumi si bahati ya kuichezea. Nimeshapoteza vitalu viwili kwa kudhani najua. Kilichobaki si changu, wala si cha hawa watatu peke yao. Ni cha wote.”

“Sasa shida iko wapi?”

“Shida ni kwamba ni mama.” “Naogopa, Shehe. Naogopa nikisema sikati, ni ile hesabu inasema, au ni mimi sitaki kumpoteza mara ya pili? Kila asubuhi namwamkia. Nani ataniamini? Mimi mwenyewe sijiamini.”

Sheikh Kiyungi alivua miwani akaifuta kwa pindo la kanzu, na hakuivaa tena.

“Binti Kapalata, nisikilize vizuri. Unaogopa kumzuia kwa sababu ni mama yako. Na ukimtoa kwa sababu ni mama yako, je? Ukikata ili watu waone kwamba humfichi, ukikata ili ujione msafi, hapo utakuwa umemfuata nani, mwenye wakfu au majirani? Kata kwa huruma, nitakuelewa. Acha kwa amana, nitakuelewa. Ila nakuomba, usikate kwa aibu.”

Alitia saini karatasi akampa. Mwamvita aliikunja akaiweka kwenye pochi. Maneno ya Sheikh aliyasikia yote, na njia nzima aliyarudia moyoni, na hata hivyo hayakumsaidia kitu.

Maana alipita sokoni. Alipofika kwenye bucha ya yule mwenye shingo ya Bi Sikudhani, mazungumzo yalikatika. Watu waliokuwa wakicheka waligeuka kutazama nyama. Mwenye bucha mwenyewe, aliyemzoea kwa maneno mengi, alimpimia nusu kilo bila kumwangalia, kisha akainua mkono akajifunika shingo. Pengine nzi alikuwa amemtua. Mwamvita hakungoja kujua. Aliacha nyama juu ya mizani akaondoka kwa miguu ya haraka, uso unamwaka, na kufika kwake jengoni alikuwa ameshakata shauri.

*

“Kata,” alimwambia Yasini.

Yasini alikuwa anakunywa chai. Aliiweka chini. “Kiasi gani, mama?”

“Zote. Mia na hamsini.”

“Mama, tukate hamsini. Mtu mmoja. Kwa hamsini Kikokotoo kinasema saba kati ya kumi, nimekiuliza mwenyewe. Tunaokoa mmoja na kitalu tunabaki nacho.”

“Yupi?”

“Eti?”

“Nitajie yupi. Siwema, au mzee, au yule binti? Nitajie, tukate hiyo hamsini.”

Yasini alifuta mdomo. Hakujibu, na Mwamvita alifurahi kwamba hajajibu, kwa sababu kama angetaja jina ingebidi ajadiliane naye, na hakutaka tena kujadiliana na mtu. Alitaka liishe. Hilo alikuja kulikiri baadaye sana.

Walinawa hadi viwikoni, wakavaa barakoa. Kisu cha kitalu ni waya mwembamba unaopitishwa ndani ya maji kwa mkono wa chuma, na Yasini aliuendesha kwa ustadi aliouzoea. Ulipofika kwenye mstari mwekundu Kikokotoo kilitoa onyo. Kikalirudia. Kilipotaka kulirudia mara ya tatu Mwamvita alinyoosha mkono akakizima sauti. Waya ukashuka. Tabaka za chini zilikuwa nzito zaidi, na zilipotoka zilikuwa na vinyweleo vidogo, vya dhahabu, vile alivyokuwa navyo Bi Sikudhani kwenye mikono. Mwamvita hakujua kama viko. Kwa miaka yote walikuwa wakivuna juu tu.

Alizipokea kwenye sinia la chuma, karatasi kwa karatasi. Zilikuwa na joto la mtu.

Siku ya pili maji yalikuwa safi. Siku ya tatu yakaanza kuwa na ukungu. Yasini alihamia jengoni, akibadilisha dawa kila baada ya saa mbili, akipandisha joto, akilishusha, akisema na tangi kwa maneno ya kubembeleza kama mtu anayemlisha mgonjwa. Siku ya tano, adhuhuri, chembe mama ziliachia nyuzi na kuelea. Yasini akakaa chini sakafuni akajifunika uso kwa mikono miwili.

Yule mzee wa mitambo alikuwa amefariki siku moja kabla, ngozi yote ikiwa imeshika vizuri. Moyo ndio uliochoka. Siwema na yule msichana walipona.

*

Sheikh Kiyungi alisema hakuna kuosha wala kuswalia, maana mwenyewe alishaswaliwa, ila kiungo cha mwanadamu huzikwa kwa heshima. Wakaviringisha kilichobaki kwa kitambaa cheupe, kifurushi cha kubebwa kwa mikono miwili, wakakichimbia pembeni mwa kaburi la Bi Sikudhani. Watu walikuja wachache, na hawakujua wamwambieje. Wengine walimpa pole ya msiba, wengine pole ya hasara, mmoja akampongeza kwa ujasiri. Mwamvita aliitikia zote. Alilia hadi akakosa pumzi, kuliko alivyolia miaka kumi na tisa nyuma, kwa sababu safari ile hakuwa na mkono katika kifo.

Siwema alikuja kumshukuru alipoweza kutembea. Athumani alimshika kiwiko, akimpitisha ngazini hatua kwa hatua. Mikono ya Siwema, shingo na nusu ya uso vilikuwa maji ya kunde. Alimbusu Mwamvita kiganja, akasema watoto wamemzoea tayari, mdogo anapenda kumgusa shavu akilala. Mwamvita alifurahi, tusimsingizie. Alifurahi kwa moyo wote na akamkumbatia, na alipofumba macho pua ikamtafuta mama yake, ikapata harufu ya dawa za hospitali.

Walipoondoka alirudi kwenye taarifa ya msajili wa wakfu. Ilikuwa na mahali pa kujaza sababu ya kugusa asili. Aliandika “dharura.” Neno lilikuwa la kweli, Sheikh alilitilia saini, hakuna ambaye angelipinga. Alilitazama kwa muda mrefu. Alijua kwamba dharura ilikuwepo siku ya kwanza, na siku ya kwanza hakukata. Alikata baada ya bucha. Mara ya kwanza aliwaangalia watu wema akasahau waya. Mara ya pili aliwaangalia watu akasahau wakfu. Akaituma taarifa kama ilivyo.

*

Siku ya thelathini na nane baada ya mazishi yale, mwanamke kijana alishuka kwenye pikipiki mbele ya geti, mtoto mgongoni amefunikwa kanga nyepesi. Yasini alikwenda kumfungulia, lakini Mwamvita alimwita arudi. Hili alilitaka alifanye mwenyewe.

Mwanamke alikuwa ametoka Sikonge. Uji ulikuwa jikoni, akageuka mara moja tu kuchukua mwiko. Zahanati walimsafisha mtoto, wakamfunga, wakamwambia apande aje Isevya kabla ya hospitali, kwa watu wa wakfu, wala asihangaike na fedha, hawatozi. Alieleza yote hayo akiwa amesimama, akibembeleza kwa kiuno huku mtoto analia sauti nyembamba ya aliyechoka kulia. Alikuwa amefika na uso wa mtu aliyepona tayari.

“Kaa, mwanangu,” Mwamvita alisema.

“Nikikaa analia zaidi. Mtamchukua saa hizi?”

“Ngozi hakuna.”

Mwanamke alisubiri, akidhani sentensi inaendelea. “Nije lini?”

“Hakuna tena. Si leo wala kesho. Ilikuwepo, na mimi ndiye niliyekuwa naitunza, nikaitoa yote.” Alijitahidi kusimama wima. Alikuwa tayari kwa tusi, kwa kilio, kwa kofi la uso. Angevipokea vyote, na kwa kweli alivitamani.

“Uliwapa nani?”

“Watu watatu. Waliungua kiwandani.”

“Walipona?”

“Wawili.”

Mwanamke aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea habari za ndugu wa mbali.

“Alhamdulillahi,” alisema. Akamtoa mtoto mgongoni, akamlaza begani, akauliza hospitali ya mkoa iko upande gani.